Kazi ya Sikio Pale Mudaka

Siku ya soko pale Mudaka, mteja anasimama mbele ya kibanda changu, anatua mzigo, ananisalimu, kisha anasema maneno mawili: "Iko inalia." Ndivyo tunavyosema huku Kivu. Mzigo umefungwa kwa kitenge, umeletwa kwa pikipiki kutoka Kavumu au Katana, na pembe za sanduku la kompyuta zinaonekana chini ya kitambaa. Simwulizi ni ya kampuni gani wala aliinunua kwa bei gani. Namwuliza: "Inalia namna gani, Mwalimu?" Hapo mtu mzima, mkuu wa shule mwenye koti na mvi kichwani, anavuta pumzi na kuniigizia: krrrrr. Mwingine: tak, tak, tak. Mwingine: wiiiii, mpaka wanawake wanaopita na vikapu vya maparachichi wanageuka kutazama. Namsikiliza kwa makini, maana mara nyingi, kitenge kikiwa bado hakijafunguliwa, nimekwisha kujua pa kuanzia.

Vijana wanaojifunza kwangu hudhani kazi hii ililetwa na kompyuta. Sivyo. Ni kazi ya zamani katika barabara hii, na kompyuta iliikuta ikiwa na mafundi wake, mafuta yake na hata maneno yake. Walionifundisha hawapo tena, ndiyo sababu naiandika.

Barabara ninayosema ni ile ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu kwenda kaskazini, ikipita Mudaka na Miti hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Katana na Kalehe kuelekea Goma. Wakati wa Wabelgiji milima ya huku Kabare ilipandwa mikwinini, chai na kahawa. Shamba kubwa lilikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na mashine ya kuchapa. Misheni zilikuwa nazo, shule zilikuwa nazo, watafiti wa Lwiro walikuwa nazo.

Baba alizifuata mashine hizo kwa baiskeli, kopo la vifaa limefungwa nyuma. Nilizaliwa mwaka 1974, miezi michache baada ya Rais Mobutu kutangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba mashamba na biashara za wageni zinapita mikononi mwa Wazaire. Wengi hukumbuka tangazo lile kwa mashamba yaliyomezwa na magugu. Nyumbani kwetu tulilikumbuka kwa vipuri. Wenye mashamba walipoondoka, riboni, rola na nyundo za herufi ziliacha kuja. Mashine ikivunjika jino, basi. Fundi asiye na kipuri hawezi kungoja kitu kivunjike ndipo akitengeneze; hana budi kuujua ugonjwa ungali mchanga, na ugonjwa mchanga wa mashine hauonekani kwa macho. Unasikika.

Kwa hiyo Baba hakuanza kwa kufungua. Alisimama nje ya dirisha, akamwomba katibu achape mstari mmoja kama kawaida yake, naye akafumba macho. Mashine nzima hupiga hatua sawa: nyundo, hatua, nyundo, hatua, kisha kengele ndogo karibu na mwisho wa mstari. Ikichechemea kwenye herufi moja, mkono wa herufi hiyo umeshikwa na wino na vumbi. Ikiruka hatua mbili kwa pigo moja, gurudumu la meno linalosogeza karatasi limelika. Nilipokuwa na miaka 8 nilimwambia, "Baba, ile ya masista inachechemea kwenye e." Akajaribu, akakuta ni kweli. Ni herufi inayopigwa kuliko zote katika Kifaransa, nayo ndiyo huchoka kwanza.

Dawa ilikuwa tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, yaliyonunuliwa kwa washonaji wa soko la Mudaka na kupelekwa mahali pake kwa ncha ya sindano. Tone moja tu. Mafuta yakizidi huita vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta husugua chuma kama msasa.

Mara moja alinichukua hadi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti cha ile taasisi iliyoundwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Tulikwenda kwa ajili ya mashine mbili za kuchapa, lakini karani mmoja alituonyesha chombo cha kupima mitetemeko ya ardhi: kalamu nyembamba ikitembea juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa dogo. Akatueleza kwamba lori likipita karibu, kalamu hutikisika kwa namna yake, na ardhi ya bonde letu la ufa ikitetemeka, kalamu hutikisika kwa namna nyingine. Kazi yao ni kutochanganya. Baba alilirudia neno hilo njia nzima ya kurudi, akisukuma baiskeli mlimani. Kutochanganya. Hata leo, kijana akija kwangu kujifunza, hilo ndilo neno la kwanza ninalompa.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mjomba, mwenye kinu cha kusagia muhogo pembeni mwa soko. Aliweza kusinzia kando ya injini ya dizeli inayotikisa mabati, na akaamka ghafla mlio wake ulipobadilika kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha bisibisi: unaweka ncha juu ya chuma, unabana mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio, na kelele za soko zinaondoka. Unabaki peke yako na beringi moja. Beringi nzima huvuma. Iliyokauka hulia kama mtoto anayeanza homa. Iliyopasuka husaga kama mchanga mdomoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mganga Mfaransa aitwaye Laennec, mwaka 1816 mjini Paris, alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka juu ya kifua cha mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Huko ndiko kifaa cha daktari cha kusikilizia kilikoanzia. Nilifurahi mno. Tangu hapo natumia karatasi pia, maana ndani ya kompyuta kuna sehemu ambazo bisibisi ya chuma haifai kuzigusa umeme ukiwapo. Bomba la karatasi halileti hatari, na likielekezwa vizuri hutofautisha feni mbili zilizo jirani kabisa.

Kompyuta yenyewe niliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Julai ya mwaka huo mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu ya Kusini, na makambi ya Kashusha na Inera yakasimama kando ya barabara yetu hii hii. Mashirika ya misaada yalikuja na malori, jenereta na kompyuta. Nilikuwa na miaka 20, najua kuchapa kwa vidole vyote, nikaajiriwa katika ofisi mojawapo kuandika orodha za mablanketi na masufuria. Asubuhi ya kwanza walipoiwasha ile mashine ya mezani, nilisahau kutazama kioo. Nilisikiliza. Kwanza feni ilianza kupumua. Kisha mlio mmoja mfupi: piii. Kisha kitu ndani kikapanda sauti taratibu, kama mtu anayeanza kuimba chini na kupanda, kikatulia juu. Mwisho mlango wa disketi ukakoroma, grrok. Nikajua pale pale kwamba humu mna vitu vinavyozunguka, na kinachozunguka kina beringi.

Vumbi la kiangazi lilifanya kazi yake kabla ya miezi 2 kwisha. Feni ya nyuma ilianza kulia kila asubuhi ikiwa baridi, ikanyamaza ikipata moto, na kila siku kunyamaza kukachelewa kidogo. Mtaalamu alikuwa Nairobi. Nikaomba ruhusa, nikachomoa waya wa umeme, nikaitoa feni, nikabandua karatasi ya duara iliyobandikwa katikati yake. Chini yake niliona ncha ya mhimili imekauka, imezungukwa na unga mweusi. Niliufuta kwa pamba, nikatia tone la mafuta ya cherehani kutoka kopo la Baba, nikairudisha karatasi. Ikawashwa. Ikavuma. Bosi wangu alisimama mlangoni akiuliza kama mashine imezimika.

Oktoba 1996 vita vilifika. Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29, mji ukaanguka kesho yake, makambi ya barabara yetu yakatawanywa muda mfupi baadaye. Sisi nasi tulikimbia. Kopo la Baba nilikwenda nalo.

Kazi ilipata soko lake kweli katika miaka ya 2000. Bukavu ilijaa vyumba vya intaneti na zile ofisi ndogo za kuchapa na kutoa nakala, tunazoziita kwa Kifaransa secrétariat public. Nilifanya kazi katika moja, upande wa Nyawera, kabla ya kurudi Mudaka na kufungua kibanda. Kompyuta zilizotufikia zilikuwa zimekwisha tumika miaka mingi kwingine, zikaja kwa ndege ya Kavumu au kwa kuvuka daraja la Ruzizi. Vipuri vyake havikuja pamoja nazo. Ilikuwa hali ile ile ya Baba baada ya 1973, na jibu likawa lile lile.

Sauti tulizozisikia miaka hiyo zilikuwa na asili zake. Krrrr mara nyingi ni waya uliolegea na kugusa pangaboi la feni, au kiota cha panya, au mende aliyekufa, na hiyo mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Mvumo unaotetemesha meza, ukinyamaza unapoweka kiganja juu ya sanduku, ni skurubu. Mlio mwembamba kama wa mbu, usiobadilika hata ukiishika feni, hutoka kwenye kisanduku cha umeme au kwenye ubao mkuu. Miaka hiyo kapasita mbovu zilienea dunia nzima, na tulizitambua kwa vichwa vyake vilivyovimba. Hapo nilikuwa mkali kwa wanafunzi wangu, na bado ni mkali: kisanduku cha umeme hakifunguliwi ovyo, kwa kuwa kapasita huhifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Na ile piii, piii, piii isiyokoma huku kioo kikiwa cheusi, kwenye mashine nyingi ni kipande cha kumbukumbu kilichotikiswa na mashimo ya barabara kikatoka mahali pake. Unakichomoa, unasugua meno yake ya dhahabu kwa gomu la mwanafunzi, unakirudisha mpaka kibane. Nimewapa watu wengi furaha kwa gomu hilo.

Mafuta niliyapigania sana. Muuguzi mmoja wa zahanati ya milimani, mtu mwema na mwenye haraka, alitia mawese kwenye feni iliyokuwa ikilia. Ilinyamaza siku 2. Siku ya 3 mawese yaliganda na vumbi, feni ikasimama, kompyuta ikawa inazimika yenyewe kila baada ya dakika chache kwa joto. Alipofungua kitenge, harufu ya jikoni ilitoka kwanza.

Lakini somo la Lwiro nilikuwa bado sijalielewa vizuri mpaka mwaka uleule niliofungua kibanda. Mama mmoja mwenye duka la kuchapa huko mjini alinipigia simu: mashine inapiga tak, kimya, tak, tak, kimya. Nikamwambia ni diski kuu, aizime mara moja, nikapanda gari. Nilipofika niliweka bomba la karatasi kwenye diski: inavuma safi. Tak ikasikika tena, lakini nyuma yangu, chini ya meza. Ilikuwa stabilizateri, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, kikibadili njia kila umeme uliposhuka au kupanda. Na umeme wetu hushuka na kupanda kwa sababu zinazojulikana. Unatoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi: wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wa pili ulianza mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu, wakati watu na mashine wameongezeka kupita kiasi. Chupa za plastiki tunazotupa katika ziwa Kivu hufuata maji hadi huko na kuziba mitambo. Kwa hiyo chupa iliyotupwa ufukweni inaweza kumfikia yule mama kama tak chini ya meza yake. Nilichukua nauli tu, nikarudi Mudaka nikiwa na aibu na nimejifunza.

Kutochanganya ni lazima, kwa kuwa ipo ile tak nyingine, ya diski yenyewe, na hiyo haina mzaha.

Ndani ya diski kuu mna sahani zinazozunguka, katika kompyuta nyingi za mezani, mara 7,200 kwa dakika. Ni mara 120 kwa sekunde, na huo ndio ule mvumo wa chini unaousikia ukilaza kiganja. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea, kwenye tabaka la hewa jembamba kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuliko tabaka hilo mara elfu kadhaa. Diski za zamani zilikuwa na beringi za gololi, zikizeeka zinalia wiiiii, na nyingine ziliishi hivyo miaka; baadaye watengenezaji wakahamia beringi za majimaji, wiiiii ikapungua sana. Tak, tak, tak yenye mpigo sawa ni habari nyingine. Kichwa kinatafuta alama zake juu ya sahani, hakizipati, kinarudi mahali pake pa kupumzikia, kinajaribu tena. Kila jaribio linaweza kuwa linakwaruza kile ulichokuja kukiokoa.

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, ardhi ilitetemeka Bukavu na kwa majirani zetu wa Rwanda. Nyumba zilianguka, watu walikufa. Nilikuwa kanisani. Wiki zilizofuata nilipokea mashine zilizoporomoka kutoka mezani, na zile zilizokuwa zimewashwa wakati ule nyingi zilikuwa na sauti moja: tak, tak, tak.

Mmoja wa walioleta alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kazi yake ya kuhitimu, ile tunayoiita TFC, kurasa zote alizokusanya kwa kutembea vijijini akiwauliza wakulima kuhusu muhogo, ilikuwa humo tu. Nakala aliyokuwa nayo kwenye disketi ilikuwa ya sura ya kwanza. "Mama Fundi, iko inalia," akasema, kisha akashindwa kuigiza. Nilimwuliza ameiwasha mara ngapi tangu siku ile. Akasema mara moja tu, kwa sababu sauti ilimtisha. Woga huo ndio uliomsaidia. Nilifunga diski yake kwenye kompyuta yangu kama diski ya pili, nikailaza kwenye kitambaa kilichokunjwa, feni ikiipulizia. Kompyuta ilipoitambua, sikugusa kitu kingine. Nilikwenda moja kwa moja kwenye faili lake nikalinakili. Tak ilisikika mara 3 tukiwa tunangoja. Faili lilipita lote. Picha zake hazikupita, kwa maana nilipozirudia diski ilinyamaza, na diski iliyonyamaza hivyo haikupata kusema tena.

Wapo wanaoshauri kuweka diski ya namna hiyo kwenye friza. Kwa unyevu wetu wa Kivu sikubali: ukiitoa, hewa yenye maji huigandia, na maji juu ya sahani ni mwisho wa habari.

Siku hizi wanaoniletea kompyuta za mezani wamepungua. Laptopu zimeingia, simu zimeingia, na diski mpya nyingi hazina kinachozunguka. Zikifa, hufa kimya. Kijana wangu mmoja anatumia programu inayosoma ndani ya diski ni sehemu ngapi zimeharibika, nami namwachia, kwa sababu inaona mambo ambayo sikio halifiki. Hata hivyo, shule, zahanati na parokia za barabara hii bado zina masanduku ya zamani, na humo mna majina ya wanafunzi, ya watoto waliochanjwa, ya waliobatizwa. Feni zake zinahitaji tone la mafuta ya cherehani, na kiangazi kikianza Juni, vumbi linahitaji kutolewa kwa brashi laini ya kupakia rangi, mashine ikiwa imechomolewa na feni umeishika kwa kidole isizunguke. Hiyo kila mmoja anaweza kuifanya bila mimi.

Ila ukisikia ile tak yenye mpigo sawa, na umekwisha hakikisha kwamba haitoki kwenye stabilizateri, zima. Usiiwashe tena ili jirani asikie, wala ili mimi nisikie. Ifunge kwa kitenge, njoo Mudaka, uniigizie kwa mdomo. Nitaelewa.